Jioni ya Maonyesho: Historia ya Vikundi vya Utamaduni Hadi Bonde la Usangu

Vikundi vya utamaduni vya Tanzania Bara havina jengo moja linaloweza kutundikwa bamba la ukumbusho, wala havina siku moja ya kuzaliwa ambayo wapenzi wake wangeweza kuifanyia hafla kila mwaka. Lakini taasisi hii, ambayo kwa miongo kadhaa iliwakusanya watu katika baa, kumbi za starehe na viwanja vya mpira, ikawapa kwa kiingilio kimoja ngoma, sarakasi, mazingaombwe, kichekesho, igizo, taarab na dansi, inastahili kuandikiwa tarehe yake kama zinavyoandikiwa shule, hospitali na bandari. Sisi tukaao Rujewa, katika bonde la Usangu, tuna haki yetu ya kudai sehemu ya historia hiyo, ingawa vikundi vyenye majina makubwa vilikuwa na makao yao Dar es Salaam. Maana jambo la kutembea halielezeki kwa kutaja mahali lilipofungia mizigo peke yake, bila kutaja njia lilizopita na watu waliolipokea. Rai yangu, ambayo najua haitawapendeza wote walioshika madaraka ya utamaduni zama zile, ni kwamba Serikali iliipa taasisi hii ustadi, lakini umbo lake ilipewa na hadhira iliyolipa mlangoni.

Nasaba yake ni ndefu kuliko Uhuru. Beni, ngoma iliyoiga gwaride la kijeshi na tarumbeta zake, ilitoka mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikachukuliwa na askari na makarani hadi bara, hata baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vikawa na wafuasi katika miji mingi ya Tanganyika, wakishindana kwa mavazi, vyeo na kejeli. Unguja, ambako Ikhwani Safaa ilikuwa imeasisiwa mwaka 1905, kichekesho kilizoea kutiwa baina ya nyimbo za taarab ili waimbaji wapumzike na wasikilizaji wasichoke. Shule za bara nazo zilikuwa na jioni zao za mwisho wa muhula, ambapo wanafunzi waliwaigiza walimu, matarishi na wageni wa mjini mbele ya wazazi. Na katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipojenga na kusaidia kujenga kumbi za ustawi wa jamii, mfano wa ule wa Arnautoglu mjini Dar es Salaam, watu walipata kwa mara ya kwanza nyumba yenye paa, taa na sakafu ambayo ngoma, dansi na maigizo viliweza kuingia kwa zamu. Yote hayo yalikuwa mbegu. Kilichokosekana ni chama cha watu wanaoishi kwa kazi hiyo.

Chama hicho kililetwa na siasa. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere, akilihutubia Bunge la Jamhuri changa, alisikitika kwamba Waafrika wasomi walizijua dansi za Ulaya na Marekani kuliko walivyozijua gombe sugu, mangala, kiduo na lelemama, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, ambacho wachezaji wake walikusanywa kutoka makabila mbalimbali, kila mmoja akiwafundisha wenziwe ngoma ya kwao. Na hapo ndipo ngoma ya unyago au ya mavuno, iliyozoea kuchezwa kwa duara tangu magharibi hadi alfajiri, ilipolazimika kujifunza kuelekea upande mmoja na kumalizika kwa dakika kumi. Sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni na bugobogobo ya Wasukuma zikawa mali ya kila mtoto wa shule, pamoja na wale ambao wazee wao hawakupata kuziona asilani. Wako walioliita jambo hili uharibifu, na hoja yao si ya kudharauliwa; lakini pasipo uharibifu huo mkulima wa Usangu asingeliijua sindimba ila kwa kuisoma.

Mwaka 1965 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi mwaka 1969 na kuwa msingi wa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Na mwaka 1974 kikaongezwa kikundi cha maigizo. Napenda kulitua kidogo jambo la China, kwa kuwa lina maana ya pekee kwetu. Urafiki ule ule uliowafundisha vijana wale kupanga viti kimoja juu ya kingine na kusimama kichwachini juu ya cha mwisho, ndio uliojenga reli ya TAZARA baina ya mwaka 1970 na 1975, na ndio ulioanzisha shamba kubwa la mpunga la Mbarali katika miaka iyo hiyo ya 1970. Mtu wa Rujewa aliyemwona Mchina akipima mfereji kwa asubuhi nzima, kisha siku nyingine akamwona kijana wa Kitanzania akizungusha sahani juu ya fito, alikuwa anatazama matawi mawili ya mti mmoja.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoyafanya mashirika ya umma kuwa wazazi wa kila kitu, yakawa wazazi wa sanaa pia. Majeshi, Magereza, Polisi, Bima, Bandari, jumuiya ya wafanyakazi na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam vikawa na bendi au vikundi vyao, ambamo mpiga ngoma alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, likizo na wakati mwingine sare. Vikundi vya Taifa vyenyewe havikudumu. Mwanzo wa miaka ya 1980 vilikwisha vunjwa, na mahali pake pakashikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 1982 kimekuwa na tamasha lake la kila mwaka, na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Serikali ilikuwa imeamua kufundisha sanaa badala ya kuimiliki. Waliokwisha fundishwa walibaki na miguu myepesi, vifua vipana na njaa. Basi wakaenda baa.

Mwaka 1980 Norbert Chenga aliasisi Kikundi cha Utamaduni cha Muungano, na jina hili ndilo la kwanza ambalo wapenzi wa maonyesho wa kizazi changu hulitaja waulizwapo habari za zama zile. Muungano haukuwa mali ya wizara wala ya shirika. Ulikula kilichopatikana mlangoni. Mapatano ya kazi hii, yaliyokuwa kaida ya mji mzima, yalikuwa mepesi: mwenye baa alitoa ukumbi na kuuza bia, kikundi kikachukua viingilio, na kila upande ukawa na haja ya mwenziwe, kwani bila watu bia haiuziki, na bila bia watu hawakai saa tano. Nchi ilikuwa katika dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, maduka yalikuwa tupu, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni, wala haikuipata hadi mwaka 1994. Radio Tanzania ilikuwapo, na Pwagu na Pwaguzi waliwachekesha watu majumbani. Lakini sarakasi haisikilizwi redioni. Katika upungufu huo wa kila kitu, vikundi viliongezeka hata vikawa makumi, na DDC Kibisa, Muungano na wengineo wakagawana siku za juma na vitongoji vya jiji, huku hiki kikicheza Kariakoo, kile Magomeni, na kingine Ilala au Temeke.

Sasa niruhusiwe kuieleza jioni yenyewe, kwani taasisi hii haikuwa na katiba iliyo bora kuliko mpangilio wa vipengele vyake.

Kabla ya mlango kufunguliwa, nyuma ya ukumbi huwashwa moto wa nyasi kavu au makaratasi, na ngoma huinamishwa juu yake moja baada ya moja, mpigaji akiigonga ngozi kwa vidole, akiirudisha motoni, akiigonga tena, mpaka sauti yake ipande na kukaza. Na watoto wasio na kiingilio, waliokwisha pata matundu yao katika ua wa mabati, hujua kwa sauti hiyo kwamba mambo yako tayari. Ngoma ndiyo hutangulia. Sababu inayosemwa hadharani ni heshima ya utamaduni. Sababu ya pili, isiyosemwa sana, ni kwamba ngoma husikika mbali, nayo huwaita waliosimama barabarani wakihesabu vijisenti vyao. Sindimba hukatika viuno, bugobogobo hurusha majembe hewani na kuyadaka, na chatu wa kweli, mzito na mvivu, huzungushwa mabegani mwa mchezaji mpaka meza za mbele zibaki hazina watu.

Hufuata sarakasi na mazingaombwe. Katika ukumbi mdogo, ambapo dari ni ya mabati na boriti zake ziko karibu, mpanda viti hana anasa ya urefu. Humlazimu apime kwa jicho nafasi iliyobaki baina ya nyayo zake na feni, na hadhira iliyoko chini yake humwona jasho linavyodondoka kutoka puani. Ukaribu huo ndio siri ya jambo zima. Mtazamaji wa jumba kubwa huona umbo. Mtazamaji wa baa humwona mtu anayetetemeka misuli ya kwapa na bado hakuanguka. Mfanya mazingaombwe naye, ambaye huchomoa vitambaa kinywani na kuchinja mtu ambaye baadaye hupita na kofia akiomba chochote, hana budi kufanya hila zake mbele ya walevi walio hatua tatu kutoka kwake, na kila mmoja wao ameapa kumfichua.

Kisha kichekesho, ambacho kwangu ndicho kilele cha jioni, ingawa wajuzi wengi wangetaja kipengele kingine. Hakikuandikwa mahali. Kiongozi huwapa waigizaji kisa kwa maneno machache, mathalan mgeni aliyetoka shamba akapotelea mjini, mlevi aliyekosea nyumba, au mume aliyefumaniwa na mkewe wa ndoa, na yaliyobaki huzuliwa papo kwa papo kwa kadiri watu wanavyocheka. Palipochekwa hurefushwa, palipokuwa kimya hukatwa usiku uo huo. Mchekeshaji hujipaka masizi au chokaa usoni, hujaza matambara tumboni, hufunga suruali kwa kamba ya katani, na huingia bila kusema neno, kwa kuwa anajua kwamba mwendo peke yake unatosha kwa kicheko cha kwanza. Wengi waliojulikana baadaye katika televisheni walilelewa katika jadi hii. Na marehemu Said Ngamba, yaani Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014, alibeba hadi mwisho wa maisha yake namna ile ya kusimama akisubiri kicheko kiishe, ambayo haifundishwi na kamera.

Baada ya kichekesho huja igizo refu la maonyo, lenye mchawi, mama wa kambo na binti aliyedanganywa. Na hapo wanawake wa meza za nyuma humsemesha mwigizaji kwa sauti, wakimwonya asinywe ile chai. Kisha taarab, kisha dansi, ambapo viti husogezwa kando na hadhira yenyewe huwa kipengele cha mwisho.

Lakini aliyekuwa akiitazama jioni hiyo kwa jicho la mwanahistoria angepaswa kuutazama zaidi mwendo wa watu kutoka vitini kwenda mbele. Kutunza ndiko kulikokuwa kura. Mtu hunyanyuka na noti mkononi, akacheza pole pole kati ya meza, akaibandika noti kwenye paji la uso la mpiga ngoma au akaitia kwenye mkunjo wa kanga ya mchezaji, kisha akarudi kitini kwake kwa hadhi kama aliyetia sahihi hati. Na kiongozi wa kikundi, aliyesimama kando akijifanya haoni, alikuwa anahesabu. Ngoma isiyotunzwa juma hili na juma lijalo iliachwa. Mwimbaji aliyetunzwa alirudiwa. Hakuna afisa utamaduni aliyekuwa na nguvu hiyo.

Vikundi na bendi hazikukaa Dar es Salaam daima. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokwisha tiwa lami, na reli ilipofunguliwa, Nyanda za Juu Kusini zikawa safari ya kawaida ya msanii. Iringa haikungoja wageni tu. Katika miaka ya 1980 kiwanda chake cha kuchonga almasi, Tancut, kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, ambayo nyimbo zake zilisikika nchi nzima, na hivyo mji wa baridi na ulanzi ukaweza kuwapelekea watu wa pwani dansi badala ya kupelekewa. Mbeya ilikuwa mwisho wa safari, yenye mahoteli, wafanyabiashara wa mpakani na kumbi kubwa. Rujewa iko baina yao, kando kidogo ya barabara kuu, na msanii mwenye haraka angeweza kuipita bila kujua kwamba ameipita.

Kilichomsimamisha ni mpunga. Usangu huvuna baada ya masika, na katika miezi ya kiangazi, magunia yakishauzwa, fedha ya mwaka mzima hukaa mifukoni mwa watu kwa majuma machache kabla ya kuchukuliwa na ada, mbolea, mahari na madeni. Mwenye baa hujua, mwenye gari la matangazo hujua, na msanii anayejua kazi yake hujua vilevile. Ukumbi wa mji mdogo wa namna hii hauna jukwaa: ni chumba kirefu cha tofali chenye madirisha ya nondo, jenereta nyuma, na sakafu ya saruji ambayo kona yake moja huitwa mbele kwa sababu spika zimewekwa huko. Watazamaji wake nao si wa kabila moja, kwani kilimo cha umwagiliaji na malisho ya Ihefu vimewaleta bondeni Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, Wasukuma na wengine wengi, wakakaa pamoja na Wasangu wenyeji. Na bugobogobo inapopigwa mbele ya hadhira ya namna hiyo, wako wanaoitazama kama ajabu ya mbali na wako wanaoisahihisha. Sijui kama mwalimu wa ngoma wa Kikundi cha Taifa aliwahi kuwa na mtihani mgumu kuliko mchungaji wa Kisukuma aliyeketi na komoni yake mita mbili kutoka kwake.

Mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, Chama cha Mapinduzi kilihitaji sauti ya kukitetea, na Kapteni John Komba, mwana wa Ruvuma aliyekuwa ameongoza kwaya jeshini, akaunda Tanzania One Theatre, ambayo watu hawakuiita ila TOT. Ilikuja na vyombo vipya na fedha ambazo Muungano haukuwa nazo, ikamchukua Khadija Kopa kutoka Unguja, na Muungano ukajibu kwa Nasma Khamis Kidogo. Na kwa miaka kadhaa mipasho ya mabibi hawa wawili ilikuwa habari ya vijiweni kuliko mijadala ya Bunge. Mimi siwalaumu waimbaji. Hata hivyo, haifichiki kwamba tangu hapo mizani ya jioni iliinama: taarab, iliyokuwa kipengele kimoja kati ya saba, ikawa ndiyo onyesho, na ngoma na sarakasi zikawa za kupitisha muda wakati watu wanaingia. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, kati ya makumi yale ya vikundi vya Dar es Salaam, vikubwa vilivyobaki vilikuwa vitatu: TOT, Muungano na Mandela.

Wengi husema televisheni ndiyo iliyoua vikundi. Ni kweli kwa nusu. Kilichotokea hasa ni kwamba vipengele vilihama kimoja kimoja, kila kimoja kikajipatia nyumba yake. Taarab ilipata vyama vyake vyenye vinanda vya umeme, East African Melody na baadaye Jahazi. Igizo lilikwenda televisheni na kanda za video. Vijana wakaichukua dansi kwa jina la Bongo Fleva. Kichekesho nacho kilihamia studio, na Ze Comedy ilipoanza kurushwa mnamo mwaka 2006, mmoja wa nyota wake alikuwa Emmanuel Mgaya, Masanja Mkandamizaji, ambaye wakulima wa Mbarali wanamjua vilevile kwa mashamba yake ya mpunga. Ngoma na sarakasi, ambazo hazikupata mnunuzi, zilibaki Bagamoyo na katika mahoteli ya watalii. John Komba alifariki Februari 2015, na nyimbo alizoomboleza nazo kifo cha Mwalimu mwaka 1999 bado hupigwa kila ifikapo Oktoba.

Mahali ambapo mpangilio wa kale bado unaonekana mzima, kwa mtu wa wilayani, ni mkesha wa Mwenge wa Uhuru. Tangu Mbarali ilipokuwa wilaya mwaka 2000 na Rujewa makao yake makuu, mkesha huo umekuwa na kwaya za shule, ngoma za kata, kichekesho cha maonyo juu ya UKIMWI, malaria au rushwa, na muziki wa kucheza hadi kupambazuka, kwa utaratibu ambao mwanachama yeyote wa kale wa Muungano angeutambua bila kuelezwa. Tofauti iko katika kutunza. Pale mgeni rasmi ndiye anyanyukaye kwanza, wakubwa wa meza yake wakamfuata kwa vyeo vyao, na wananchi waliosimama nyuma ya kamba hungoja. Ilhali katika ukumbi wa baa mpagazi aliyetoka kupakia magunia, kama alikuwa na noti na wimbo umemgusa, alitangulia mbele ya diwani, na kikundi kikamwimbia yeye.